Picha moja, kazi nne: kuandaa picha kwa lebo, kipeperushi, bango na tovuti

Mfungashaji wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ana picha moja nzuri kwenye simu yake: dagaa wameanikwa kichanjani, ziwa linang'aa kwa nyuma. Kwa picha hiyo anataka lebo ya pakiti, kipeperushi cha A5, bango la banda lake la Nane Nane kule Nyamhongolo, na picha ya kuweka kwenye tovuti. Wengi hutengeneza faili moja na kuisambaza kote. Lebo inatoka na ukungu, bango linaonyesha vijumba vijumba, na tovuti inafunguka kwa kusuasua mpaka mteja anaondoka. Hapa chini tunaifuata picha hiyo kutoka kwenye simu hadi kwenye kazi zote nne.

Hatua ya 1: Pata picha yenyewe, si nakala ya nakala

Kabla hujafungua programu yoyote, uliza picha imepitia wapi. Kauli ya kuogopa ni ile ya "nimeitoa kwenye status". Kamera ya simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, upande wake mrefu hushushwa hadi kama pikseli 1600. Yaani katika pikseli milioni 12 zinabaki chini ya milioni 2, tena zimebanwa upya. Picha ya skrini haina nafuu: inachukua kile tu kilichoonekana kwenye kioo, na mara nyingi na saa na alama ya betri juu yake.

Dawa ni rahisi. Mteja wako, hapa ni mfungashaji wetu, aitume picha kama dokumenti: abonyeze alama ya kuambatisha, achague dokumenti badala ya picha, kisha aitafute faili. Hapo inafika kama ilivyotoka kwenye kamera. Kama yuko dukani kwako, waya wa USB unamaliza kazi kwa dakika moja bila kula bando la mtu.

Ikifika kwenye kompyuta ya Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Details, usome upana na urefu kwa pikseli. Usidanganywe na megabaiti. Picha ya usiku ya mitumbwi ya dagaa ikiwa na taa zake inaweza kuwa na megabaiti nyingi kwa sababu ya chembechembe za giza tu. Picha ya mchana iliyotulia ikawa na chache, na bado ikachapika vizuri kuliko hiyo.

Wenye iPhone mara nyingi wataleta faili za HEIC, ambazo simu hizo zilianza kuzitumia na iOS 11 mwaka 2017. Ubora wake ni mzuri, lakini kompyuta nyingi za steshenari hazizifungui. Zigeuze mara moja tu kuwa JPEG ya ubora wa juu, au TIFF. Anayepiga picha za biashara kila siku aingie kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya Formats, achague Most Compatible.

Picha ya asili iweke kwenye folda yake, uipe jina ASILI, na usihifadhi kitu chochote juu yake. Kila utakachotengeneza kuanzia hapa ni nakala.

Hatua ya 2: Geuza pikseli kuwa sentimita

Picha haina "ubora" wa peke yake. Ina pikseli, na ubora unaonekana pale pikseli hizo zinapotandazwa kwenye sentimita kadhaa za karatasi. Kwa kitu kinachoshikwa mkononi, lenga pikseli 300 kwa inchi. Inchi ni sentimita 2.54, kwa hiyo kila sentimita inahitaji pikseli 118. Chukua rula, pima, zidisha.

Lebo ya sentimita 10 kwa 15 inataka pikseli 1180 kwa 1770. A5 inataka 1748 kwa 2480, A4 inataka 2480 kwa 3508, na A3 inataka 3508 kwa 4961. Picha ya pasipoti ya sentimita 3.5 kwa 4.5 inatosheka na 413 kwa 531.

Sasa igeuze hesabu. Picha ya asili ya mfungashaji wetu, yenye pikseli 4000 kwa 3000, inajaza karatasi ya karibu sentimita 34 kwa 25 bila kupoteza chochote. Ile ya WhatsApp, 1600 kwa 1200, inaishia sentimita 13.5 kwa 10. Kwa lebo, mradi hukati sehemu kubwa, ingeponea chupuchupu. Kwa A4 haifiki.

Hiyo 300 haikuanguka kutoka mbinguni. Mashine za ofseti, zile za viwanda vya uchapaji, huchapa kwa safu za vidoti, na kwenye karatasi nzuri kipimo cha kawaida ni mistari 150 kwa inchi. Picha hupewa mara mbili ya hapo. Karatasi ya gazeti hunyonya wino na huchapwa kwa mistari 85 hadi 100, ndiyo maana pikseli 200 kwa inchi zinatosha kabisa huko. Michoro ya mistari mitupu ya rangi nyeusi, kama mhuri, saini au ramani ya kiwanja, inataka zaidi: 600 hadi 1200, la sivyo kingo zinatoka kama meno ya msumeno.

Kuna mtego hapa unaowanasa hata wazoefu. Mteja anaambiwa picha iwe "300", anafungua programu, anafuta 72, anaandika 300, anahifadhi. Kama pikseli ni zilezile, hajabadilisha chochote isipokuwa maandishi ya pembeni yanayosema picha ichapwe kwa ukubwa gani. Kama programu nayo imeongeza pikseli, imezibuni kwa kukisia kutoka kwa jirani zake, na ukungu umebaki palepale, sasa kwenye faili kubwa zaidi. Kwenye Photoshop ondoa alama ya Resample kabla ya kugusa namba hiyo. Kwenye GIMP tumia Print Size, si Scale Image.

Kukuza kidogo hakuna ubaya: asilimia 120, hata 130, jicho halishtuki. Programu za akili mnemba zinazokuza mara nne zinasaidia kwenye mawe, mawingu na maji, lakini kwenye sura ya mtu kaa chonjo. Huwa zinachora macho na meno mapya, na bibi harusi hatakushukuru kwa kumpa meno ya mwingine.

Hatua ya 3: Chagua aina ya faili kwa kuangalia kilichomo

JPEG ni ya picha za kamera. Hubana kwa kugawa picha katika vijumba vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa undani ambao jicho halitauona sana. Kila ukiihifadhi upya, hutupa tena. Ukifungua picha ya dagaa, ukapunguza mwanga, ukahifadhi, kesho ukaifungua ukakata pembeni, ukahifadhi, wale dagaa wadogo wa fedha ndio wanaoumia kwanza: magamba yanageuka uji. Fanya marekebisho yote kwenye faili ya programu yako (PSD ya Photoshop, XCF ya GIMP) au TIFF, kisha toa JPEG mara moja mwishoni. Kwa kuchapa weka ubora 90 hadi 95. Kwa tovuti 75 hadi 85. Namba hizi si sawa kwa kila programu, na Photoshop ina sehemu inayotumia kipimo cha 0 hadi 12, kwa hiyo tazama picha, usitazame namba tu.

Jambo moja kuhusu JPEG halisemwi mara nyingi: mwanga huuhifadhi kwa kila pikseli, lakini rangi kwa kawaida huzihifadhi kwa nusu ya pikseli kwa upana na nusu kwa urefu. Kwa picha ya ziwa huoni kitu. Kwa maandishi mekundu juu ya buluu, wekundu unavuja nje ya herufi kama wino kwenye kitambaa kibichi. Ndiyo sababu nembo na bei hazipaswi kuwa ndani ya JPEG.

PNG haitupi kitu na inaweza kuwa na sehemu zisizo na rangi kabisa, hivyo nembo inakaa juu ya rangi yoyote bila kile kiboksi cheupe kinachoaibisha. Inafaa kwa nembo, picha za skrini, chati na maandishi. Kwa picha za kamera ni mzigo: pikseli 4000 kwa 3000 bila kubanwa ni kama megabaiti 36, na PNG haipunguzi sana picha yenye undani mwingi, wakati JPEG ingeishia megabaiti chache tu. Pia PNG haibebi rangi za CMYK, yaani rangi nne za wino wa kiwandani.

TIFF ni ya kuhifadhi na ya kiwanda cha uchapaji. Ibane kwa LZW, haipotezi kitu. WebP, iliyotolewa na Google mwaka 2010, ni ya tovuti: kwa ubora unaolingana huwa ndogo kuliko JPEG, na inabeba sehemu zisizo na rangi kama PNG. Usiipeleke kwa mchapaji; Photoshop za kabla ya 2022 haziifungui bila kuongezewa kitu. AVIF hubana zaidi hata ya hapo, ila kuitengeneza huchukua muda. GIF ina rangi 256 tu; iachie vikaragosi.

Nembo yenyewe ni habari nyingine. Iliyochorwa kwa CorelDRAW, Illustrator au Inkscape haina pikseli, ina mistari inayopigiwa hesabu upya kila inapokuzwa. Inakaa kwenye kadi ya biashara na kwenye ukuta wa ghorofa kwa ukali uleule. Idai kwa PDF au SVG. Mteja akikuletea nembo ya pikseli 200 aliyoitoa kwenye barua ya zamani, mwambie ukweli mapema: kuichora upya ni saa moja au mbili, na gharama hiyo haitajirudia. Na mtu akichukua JPEG akaibandika ndani ya CorelDRAW na kuihifadhi kama PDF, bado ni JPEG. Kubadilisha gunia hakubadilishi mahindi.

Hatua ya 4: Lebo na kipeperushi

Ongeza milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukata. Lebo ya sentimita 10 kwa 15 inatengenezwa kwa 10.6 kwa 15.6, sawa na pikseli 1252 kwa 1843, na picha ifike mpaka ukingo huo wa nje. Kisu cha kukatia huwa kinacheza kidogo. Usipoacha ziada, mstari mweupe utaonekana kwenye lebo. Maandishi nayo yasogee ndani milimita 3 hadi 5 kutoka mahali pa kukata. Uzito, tarehe na jina la bidhaa viandikwe ndani ya programu ya kupanga kurasa, visiwe sehemu ya picha. Alama ya msimbo pau (barcode) iwe ya mistari ya hesabu kama nembo, kamwe isiwe JPEG, maana kingo zenye ukungu huisumbua mashine ya kusoma.

Kisha rangi. Simu na kompyuta huonyesha kwa mwanga, RGB. Ofseti huchapa kwa wino wa rangi nne, CMYK. Buluu ile ya ziwa la saa nne asubuhi na kijani kikali cha majani mabichi haviko ndani ya uwezo wa wino. Vitafifia. Mwonyeshe mteja picha ikiwa tayari imegeuzwa CMYK kwenye skrini, akubali kabla ya kuchapa, si baada. Iulize kampuni ya uchapaji inatumia profaili gani ya rangi, na geuza rangi mwishoni ukibaki na nakala ya RGB.

Maandishi meusi yawe wino mweusi peke yake, asilimia 100. Yakitengenezwa kwa rangi zote nne, karatasi ikisogea hata kwa unywele tu, kila herufi inapata kivuli chekundu au cha buluu.

Usigeuze CMYK kila kitu kwa mazoea. Mashine za studio za kusafishia picha na printa ndogo za wino za ofisini zinataka RGB, hasa sRGB, ile RGB ya kawaida. Ukizipa CMYK, nyuso zinatoka kama zina homa.

Mpelekee mchapaji PDF, si faili ya Word. Chagua PDF/X-4, aina ya PDF ya uchapaji, au PDF/X-1a kama mitambo yake ni ya zamani. Fonti ziwemo ndani. Kwa CorelDRAW, unaweza kugeuza maandishi kuwa mistari kwa Ctrl+Q, ukishahifadhi kwanza nakala inayoharirika.

Hatua ya 5: Bango

Hapa watu huharibu kwa njia mbili zinazopingana: wengine hung'ang'ania 300 mpaka kompyuta inaganda, wengine wanapeleka picha ya WhatsApp kwa kuwa "bango linaonekana kwa mbali".

Swali ni mtu atasimama umbali gani. Gawa 90 kwa umbali wa mtazamaji kwa meta, unapata pikseli kwa inchi ambazo jicho zima linaweza kuzitofautisha. Mtu aliye umbali wa meta 3 anahitaji 30. Aliye meta 10, upande wa pili wa barabara, anahitaji 9, na ukimpa 30 umemkarimu. Lakini bango la banda si la barabarani. Wageni wanasogea mpaka meta moja, wanapiga nalo picha, wanasoma namba ya simu. Lipe 72 hadi 100. Hali ni hiyohiyo kwa bango la kupigia picha ukumbini kwenye harusi.

Bango la meta 3 kwa 1.5 kwa pikseli 72 ni 8504 kwa 4252. Kwa 100 ni 11811 kwa 5906. Picha yetu ya upana wa pikseli 4000 ikitandazwa meta 3 nzima inatoa 34 kwa inchi. Haitoshi kwa mtu aliye umbali wa meta moja. Usilazimishe. Panga upya: picha ichukue theluthi ya upana wa bango, meta moja, ipate pikseli 100 zake kwa inchi, na sehemu iliyobaki iwe rangi tupu, nembo ya mistari na maandishi makubwa. Linatoka bango bora kuliko lile lililojazwa picha ukingo kwa ukingo.

Kuwa macho na faili za kipimo cha 1 kwa 10. Dizaina anatengeneza sentimita 30 kwa 15 kwa pikseli 300, anaona kila kitu kikali kwenye skrini, na kiwandani inakuzwa mara kumi. Hapo 300 imekuwa 30. Kwa kipimo hicho faili inahitaji pikseli 720 hadi 1000 kwa inchi. Ukipewa vipimo kwa futi, kumbuka futi ni inchi 12: kwa pikseli 100, kila futi ni pikseli 1200.

Hatua ya 6: Tovuti

Kwenye tovuti sentimita hazina kazi, wala hiyo namba 72 au 300, kivinjari hakiisomi. Kinachohesabika ni pikseli na kilobaiti. Mteja mwenye simu ya skrini ya pikseli 1080 kwa upana, akiwa kwenye kivuko akielekea Sengerema na mtandao unakatika-katika, hana faida na picha ya 4000. Picha kumi za megabaiti 4 ni megabaiti 40 za bando lake.

Punguza picha ya juu ya ukurasa hadi upana wa 1600, za ndani ya maelezo 1000 hadi 1200, na vijipicha vya orodha ya bidhaa 400. Punguza pikseli kwanza, ndipo ubane. Ukibana picha kubwa kwa nguvu bila kuipunguza, unapata vijumba na bado ni nzito. Hifadhi kwa WebP ubora 75 hadi 80, na JPEG ya akiba kama wateja wako wana vivinjari vya zamani. Lenga chini ya kilobaiti 200 kwa picha ya kawaida. Squoosh, programu ya mtandaoni, hufanya kazi hii ndani ya kivinjari, ikikuonyesha kabla na baada ubavu kwa ubavu.

Tazama sehemu mbili kabla ya kuridhika: anga la jioni, ambako kubana kupita kiasi huleta ngazi za rangi, na ukingo wa kitu cheusi dhidi ya mwanga, kama Jiwe la Bismarck, lile jabali la ziwani Mwanza, mbele ya maji meupe, ambako huota ukungu wa vidoti. Hapo pakiwa safi, kwingine kumepona.

Geuza rangi kuwa sRGB, maana JPEG ya CMYK huweza kutoka na rangi za ajabu kwenye kivinjari. Futa taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili. Simu iliyoruhusiwa kusoma mahali huandika latitudo na longitudo za pale hasa picha ilipopigwa, na kama ilipigwa nyumbani kwa mteja, umeutangazia ulimwengu anapolala. Andika upana na urefu kwenye msimbo wa ukurasa ili maandishi yasirukeruke picha inapofika, na maelezo mafupi ya picha kwa wasioona.

Word, skana na fomu za mtandaoni

Word hupunguza picha kimyakimya unapohifadhi, kwa kawaida hadi 220 kwa inchi. Kwa ripoti ya ofisini si neno. Kwa kitabu cha mahafali, ingia File, Options, Advanced, weka alama kwenye Do not compress images in file kabla ya kuingiza picha ya kwanza. Ukichelewa, zilizokwisha kupunguzwa hazirudi. LibreOffice, wakati wa kutoa PDF, hubana kwa JPEG ubora 90 na kushusha hadi 300, ambayo inafaa kwa kazi nyingi.

Picha ya zamani ya karatasi iskani kwa 300 ukiirudia kwa ukubwa uleule, 600 ukiikuza mara mbili. Futa kioo kwanza. Vumbi moja la kioo ni dakika tano za kulifuta kwenye kompyuta.

Fomu ya mtandaoni ikitaka picha isizidi kilobaiti 100, usishushe ubora hadi 20. Ipunguze iwe pikseli 413 kwa 531, ubora 85, na itaingia sura ikiwa bado ni ya mtu.

Kabla ya kubonyeza chapa

Fungua PDF ya mwisho, ikuze hadi asilimia 100 na uipitie kona hadi kona. Kwa bango, kata kipande cha sentimita 20 kwa 20 chenye sura ya mtu au maandishi madogo, kichape kwa ukubwa wake halisi, kibandike ukutani, urudi nyuma hatua mbili. Kipande hicho kwenye karatasi ya A4 kinagharimu shilingi chache. Meta za mraba nne na nusu za turubai lililoharibika zinagharimu siku, na Nane Nane haisubiri.

Faili zipe majina yanayojieleza: dagaa_lebo_10x15_CMYK.pdf, dagaa_bango_3x1.5m.pdf, dagaa_tovuti_1600.webp. Mwakani mteja atarudi akitaka "ile ya mwaka jana", na bila majina hayo, ndani ya folda utakuta faili kumi zenye jina final.